Gari yako haishiki barabara? Usianze na strati baa



Haipiti wiki bila kijana kuniuliza swali lile lile: "Kaka, nimevuta Altezza, nataka ishike barabara kwenye kona. Nianze na strati baa au niishushe chini kwanza?" Wenye Subaru nao wanauliza hivyo hivyo. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote hapa mara moja. Kama uko kafe na muda wako unakatika, ruka uende kwenye orodha iliyo karibu na mwisho, uiprinti, haya mengine utasoma siku nyingine.

Jibu langu fupi ni hili: usianze na chochote kati ya hivyo viwili. Somo hili nimelilipia mwenyewe, na nusura nililipe kwa roho ya mdogo wangu.

Yaliyonikuta barabara ya Lushoto

Mwaka 2012 nilipata Altezza yangu ya kwanza, rangi ya fedha, gia za mkono. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa nimeifungia strati baa nyekundu chini ya boneti, rimu pana za mtumba, na springi za nyuma nimezikatisha mzingo mmoja na nusu kila upande. Kijiweni kila mtu alisifia. Nikifungua boneti vijana wanasogea kuangalia ile baa inavyong'aa. Na mimi kichwa kikavimba, nikaamini kweli nina gari ya mashindano.

Mwezi wa nne tukapanda Lushoto kwenye mahari ya binamu yetu, mimi na mdogo wangu. Wanaoijua barabara ya kutoka Mombo wanajua: nyembamba, kona juu ya kona, mlima upande huu, bonde upande ule. Kabla ya kufika Soni kuna kona ya kushoto nikaingia kwa spidi ambayo siku nyingi nilikuwa naiona ya kawaida. Katikati ya kona kulikuwa na kiraka cha lami kimeinuka. Gari ikagota "gba!", mkia ukaruka, ukatoka nje. Tukaja kusimama tumekaa upande, kwenye njia ya wanaoshuka.

Nikaiwasha, nikairudisha upande wetu. Hata dakika haijaisha, Fuso lililojaa mboga likapita linashuka. Mdogo wangu hakusema neno mpaka tulipofika Soni. Hapo akasema, "Kaka, kurudi mimi napanda basi." Na kweli alipanda basi.

Niliporudi Dar nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi Ilala. Akaipiga jeki, akashika tairi la mbele juu na chini, akalitikisa. Kok, kok. "Umesikia?" Ilikuwa boljointi. Akanionyesha shokapu za nyuma zimevuja mafuta, bushi za mikono zimepasuka, na namba pembeni ya tairi: 1403. Yaani tairi limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2003. Miaka tisa! Halafu akafungua boneti, akaiangalia strati baa yangu, akacheka.

"Kijana, gari umeivalisha tai, viatu vimetoboka."

Makala yote hii ni maelezo ya sentensi hiyo moja.

Altezza ni gari gani

Kwanza tuiheshimu. Altezza ilitoka Japani Oktoba 1998, chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, na ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka Japani kwa 1998-1999. Ilitengenezwa hadi 2005, na nchi nyingine iliuzwa kwa jina la Lexus IS. RS200 ina injini ya 3S-GE, farasi 210 kwa yenye gia 6 za mkono. AS200 ina 1G-FE ya silinda 6, farasi 160. Zote zinasukuma kwa matairi ya nyuma, na kila tairi limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini.

Maana yake gari hii ilitoka kiwandani ikiwa tayari inashika barabara. Kama yako haishiki, mara nyingi si kwamba Toyota walisahau kitu. Ni kwamba hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani sasa imepita miaka 20, na raba zake nazo zina umri huo huo. Kazi yako ya kwanza ni kuirudisha ilivyokuwa. Kuiboresha kunakuja baadaye.

Kwenye kona kunatokea nini?

Ukikata kona, uzito unahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Tupige hesabu ya kawaida kabisa. Chukua gari ya kilo 1,400, kitovu cha uzito wake kiwe sentimita 50 kutoka chini, na upana kati ya tairi la kushoto na la kulia uwe mita 1.5. Ikate kona kali kwa nguvu ya 0.8 ya mvutano wa dunia, ambayo matairi mazuri kwenye lami kavu yanaiweza:

1,400 × 0.8 × 0.5 ÷ 1.5 = kilo 373.

Yaani kilo 373 zimetoka matairi ya ndani zimekwenda kukandamiza ya nje. Hii ni hasara, kwa sababu tairi ukiliongezea uzito mara mbili haliongezi kushika mara mbili. Linaongeza, lakini pungufu ya hapo. Kwa hiyo uzito ukihama sana, gari nzima inashika kidogo kuliko ingekuwa umegawanyika sawa.

Sasa shusha gari sentimita 3, kitovu kiwe 47. Hesabu inakupa kilo 351. Umeokoa kilo 22, basi. Faida ipo, siikatai, lakini ni ndogo kuliko tunavyodanganyana vijiweni. Kilo 22 hizo mimi nilizinunua kwa kupoteza nafasi ya springi kucheza, ndiyo maana kile kiraka kidogo kilinigotesha mpaka mwisho. Springi ikishagota, upande ule unakuwa kama hauna springi kabisa. Tairi linapigwa ghafla, linaachia. Ukiwa kwenye kona, likiachia la nyuma umeshageuka.

Chasisi inaingiaje hapa?

Land Cruiser za kazi za porini zina fremu ya chuma chini na bodi imewekwa juu yake. Magari yetu madogo hayako hivyo. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Ukikata kona bodi inajikunja kidogo, kama boksi la karatasi ukilishika pembe mbili ukalisokota.

Ubaya wake ni kwamba bodi inayojikunja inafanya kazi ya springi ya tano, na springi hiyo haina shokapu ya kuituliza. Ukifunga springi ngumu na shokapu nzuri kwenye bodi iliyolegea, sehemu ya kazi inaishia kwenye bodi badala ya kwenye shokapu. Steringi inachelewa kujibu, na unashindwa kujua tairi linafanya nini. Hapo ndipo vyuma vya kuimarisha bodi vina maana. Na ndiyo maana magari yaliyokatwa paa yanafaidika zaidi, kwa kuwa paa ni sehemu kubwa ya ugumu wa boksi.

Angalizo: kutu haiimarishwi. Gari iliyooza kwenye minara ya shokapu, au iliyowahi kupigwa ajali ikaunganishwa, usiifungie baa yoyote kabla hujaitengeneza bodi. Unakaza chuma kizima kwenye karatasi.

Strati baa inafaa gari ipi?

Kuna mfumo unaoitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson aliyeubuni miaka ya 1940. Hapo tairi halina mkono wa juu. Shokapu yenyewe ndiyo inalishikilia kwa juu, na kichwa chake kimefungwa kwenye mnara wa bodi chini ya boneti. Mnara ukiyumba, tairi nalo linabadilisha pembe yake barabarani. Kuunganisha mnara wa kushoto na wa kulia kwa baa kunasaidia kweli. Impreza za kizazi cha kwanza na cha pili, yaani 1992 hadi 2007, zina mfumo huo mbele na nyuma. Vitz na Starlet wanao mbele. Wenye hizo, strati baa haitakuwa pambo tu.

Kwenye mikono miwili kama Altezza, tairi limeshikwa juu na mkono wake wenyewe. Shokapu inabeba uzito, lakini haiamui pembe ya tairi. Baa bado inaongeza ugumu wa bodi ya mbele, ila usitarajie miujiza.

Ukinunua, angalia haya matatu. Baa iwe imenyooka au karibu na kunyooka, kwa sababu ikipinda sana kukwepa injini inakuwa kama upinde wa mshale. Isiwe na maungio yanayocheza mwishoni, maana boliti moja ikilegea kazi yote imekwisha. Na kitako chake kiwe chuma kinene. Rangi ndiyo kitu cha mwisho. Jua pia kwamba ukigonga kwa nguvu upande mmoja, baa ngumu inaweza kusukuma na mnara wa upande wa pili.

Baa za chini, zile zinazounganisha sehemu za mikono ya chini au zinazopita chini ya sakafu, mara nyingi zinafanya kazi nzuri, kwa sababu hapo ndipo nguvu ya tairi inapoingilia kwenye bodi. Tatizo ni matuta yetu. Kabla hujalipa, pima nafasi iliyobaki kati ya baa na ardhi gari ikiwa na abiria wanne. Baa inayokwaruza kila tuta itang'oka, au itang'oa kile ilichofungiwa.

Na kizimba cha chuma ndani ya gari? Hicho ndicho kinaongeza ugumu kuliko vyote, ila ni cha gari ya mashindano, ambako dereva amevaa helmeti na mkanda wa pointi nyingi. Barabarani, kichwa kisicho na helmeti kikikutana na bomba lile hakitapona.

Springi, shokapu na koilova

Kukata springi, hapana. Narudia: hapana. Springi ya mizingo 6 ukiikata mmoja na nusu inabaki 4.5, na ugumu wake unapanda kwa theluthi moja, kwa sababu 6 ÷ 4.5 ni 1.33. Shokapu yako haijui hilo. Ilitengenezwa kutuliza springi laini, sasa inapambana na ngumu, gari inadunda. Isitoshe, ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, na tairi likining'inia springi inaweza kuchomoka. Kuichoma moto ili ilale ndio kubaya zaidi, kwa sababu moto unaua ugumu wa chuma.

Kama bajeti ni ndogo, weka shokapu mpya nzuri na springi za kiwandani, urefu wake wa kawaida. Utashangaa. Bajeti ikiruhusu, tafuta springi fupi kidogo pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwenda nazo. Koilova, zile zenye nyuzi za kupandisha na kushusha, ni nzuri ukipata za uhakika, lakini zina mitego miwili. Wa kwanza: wengi wanazishusha mpaka mwisho, wanarudi kwenye tatizo langu la Lushoto. Wa pili: springi ngumu sana, inayotamba kwenye uwanja wa mashindano wenye lami kama kioo, barabara zetu inazirukia. Tairi lililo hewani halishiki chochote.

Stabilaiza

Hii ni ile fimbo inayounganisha tairi la kushoto na la kulia ili gari isilale kwenye kona. Ugumu wake unakwenda na unene mara nne: kutoka milimita 24 hadi 26 unaona ni milimita 2 tu, kumbe ugumu umepanda kwa karibu asilimia 38. Kwa hiyo ongeza kidogo kidogo.

Zile kilo 373 hazipunguzwi na stabilaiza. Inachofanya ni kuamua mbele ibebe ngapi na nyuma ngapi. Ukikaza ya mbele, pua inazidi kukimbilia nje. Ukikaza ya nyuma, mkia unakuwa mwepesi kutoka. Gari ya kusukuma kwa nyuma kama Altezza, ukiikaza sana nyuma halafu mvua ya masika ikanyesha, utanikumbuka. Na kabla ya kununua nene, badilisha raba na linki za ile uliyonayo. Stabilaiza yenye linki zilizokufa ni mzigo tu.

Orodha ya kuprinti: pesa iende wapi kwanza

1. Ukaguzi. Boljointi, tairodi, beringi, bushi, shokapu zinazovuja, kutu. Chochote kinachocheza kibadilishwe.

2. Breki. Pedi, disiki na mafuta yake. Gari inayopinda vizuri isiyosimama ni jeneza.

3. Matairi. Soma namba nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yote manne yafanane. Upepo ufuate stika iliyo mlangoni kwa dereva, sio mazoea ya mjaza upepo.

4. Bushi mpya. Raba za kiwandani zinatosha kwa mtaani. Za poliyuretheni ni ngumu zaidi, ila zinataka grisi, zinalia, na hazifai sehemu ambayo mkono unatakiwa kucheza pande nyingi. Muhimu sana: boliti za bushi za raba zikazwe kwa mara ya mwisho gari ikiwa imesimama kwa matairi yake. Zikikazwa gari ikiwa juu ya jeki, raba inabaki imejisokota, inapasuka mapema. Simama pale pale, mwangalie fundi.

5. Shokapu na springi zinazoendana.

6. Alaimenti, kila unapogusa namba 4 au 5. Kwa gari ya barabarani, tairi za mbele zikilalia ndani kwa digrii 1 hadi 1.5, na kulia na kushoto zikiwa sawa, inatosha. Omba karatasi ya vipimo, uitunze.

7. Stabilaiza, kwa hatua ndogo.

8. Vyuma vya kuimarisha bodi. Wenye MacPherson wanaweza kuvipandisha baada ya namba 6.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tafuta uwanja mpana ulioruhusiwa, panga makopo matupu ya rangi, pita katikati yake kwa spidi 40 kabla na baada, upepo wa matairi ukiwa ule ule, uandike kwenye daftari. Ukifunga vitu vitano siku moja hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Na tafadhali, barabara ya umma sio maabara. Yule anayekuja upande wa pili na mboga zake hajakubali kuwa sehemu ya majaribio yako.

Mwisho wa hadithi

Ile strati baa nyekundu niliitoa mwaka ule ule 2012. Nikaweka boljointi na bushi mpya, matairi manne, shokapu na springi za kawaida, alaimenti. Gari ikarudi juu, kijiweni wakaanza kunicheka kwamba naendesha teksi. Nikapanda tena Lushoto. Kona zile zile, spidi ya mtu mwenye akili, gari imetulia kama imebandikwa. Mwaka 2015 nikairudisha ile baa, nione. Steringi ilijibu upesi kidogo. Kidogo tu, tena kwa mtu anayeitafuta tofauti.

Nilipojumlisha risiti, pesa ya baa na rimu zile ingelipia boljointi, bushi na matairi mawili mapya. Ndivyo vilivyokuwa vinatakiwa siku ile kabla ya Soni.

Mdogo wangu sasa anayo gari yake, Impreza. Juzi kanipigia: "Kaka, kuna mtu ananiuzia strati baa, bei poa. Nichukue?" Nikamwuliza, tairi zako namba ngapi pembeni? Akanyamaza kidogo. "Ngoja niende nikaangalie."

Naomba kuwakilisha. Mwenye uzoefu tofauti ashushe hapo chini, hasa mafundi na watu wa Subaru, tujifunze. Kubishana ruksa, matusi nafuta.